Katheta Iliyokatika Chini ya Mtulinga: Uchambuzi wa Kisa cha Poti Iliyowekwa na Rezidenti

Kisa hiki kinamhusu mama lishe wa miaka 47, mkazi wa Kigamboni, aliyekuwa na saratani ya titi la kulia iliyokwisha kufika kwenye tezi za kwapa. Jopo la madaktari liliamua aanze na tibakemikali kabla ya upasuaji: mizunguko minne ya doksorubisini na siklofosfamaidi, mmoja kila baada ya siku 21, kisha mizunguko minne ya paklitakseli. Ili apewe dawa hizo kwa usalama, alipangiwa kuwekewa poti, kifaa cha kupitishia dawa kinachofukiwa chini ya ngozi, upande wa kushoto wa kifua. Aliyeiweka ni rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, wa mwaka wa tatu wa upasuaji, katika hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam ambayo sitaitaja jina. Poti ilitumika kwa miezi kadhaa, kisha katheta yake, yaani mrija unaopeleka dawa kwenye vena, ikakatika chini ya mtulinga na kipande kikasafiri na damu hadi kwenye ateri ya mapafu. Mgonjwa alipona na kuendelea na matibabu. Niliombwa kupitia jalada lake kwa ajili ya kikao cha kila mwezi cha kujadili vifo na madhara, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyasema kikaoni pamoja na machache ambayo muda haukuyaruhusu. Baadhi ya maelezo yamebadilishwa ili asitambulike.

Swali la kwanza kuulizwa kikaoni lilikuwa ni nani aliyeiweka, na jibu lilipotolewa kwamba ni rezidenti, nusu ya ukumbi ilionekana kuridhika kwamba kisa kimeisha. Mimi naona hapo ndipo kinapoanza. Mikono ya kijana huyu ilifanya kazi ambayo mabingwa wengi wangeifanya vivyo hivyo siku ile na kwa vifaa vile. Kilichokosekana ni mtu mwenye uzoefu katika nyakati chache, kila moja ya dakika mbili tatu, ambapo kilichohitajika kilikuwa uamuzi zaidi ya wepesi wa vidole.

Kwa nini poti, na kwa nini kushoto

Poti ni kijisanduku cha titani au cha plastiki ngumu, chenye upana wa sentimita mbili hadi tatu hivi, kinachofukiwa chini ya ngozi ya kifua. Juu kina kifuniko cha silikoni kinachodungwa kwa sindano ya Huber, ambayo ncha yake imepindwa ili ipenye bila kumega silikoni. Ubavuni mwake hutoka katheta nyembamba inayoingia kwenye vena kubwa na kuishia karibu na mahali vena kava ya juu inapofungukia moyoni. John Niederhuber na wenzake nchini Marekani waliripoti matumizi yake kwa wagonjwa wa saratani mwaka 1982, na tangu hapo imekuwa kifaa cha kawaida kwa anayehitaji dawa kali kwa miezi mingi. Doksorubisini ikivuja nje ya mshipa wa mkono huunguza nyama hadi kuacha kidonda kinachoweza kuhitaji kupandikizwa ngozi, lakini ikimiminwa ndani ya vena kubwa iliyo karibu na moyo, wingi wa damu huipunguza makali papo hapo.

Mama huyu alikuwa na vena hafifu kwenye mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ulitakiwa uachwe kwa kuwa kwapa lake lilikuwa linasubiri upasuaji. Uamuzi wa kuweka poti kushoto ulikuwa sahihi. Ikumbukwe tu kwamba kushoto si sawa na kulia: katheta ya kushoto hukata kifua kwa mshazari kupitia vena ya brakiosefaliki kabla ya kupinda na kushuka, na ikikatwa fupi, ncha yake hugota kwenye ukuta wa vena kava na kuuchubua mpaka damu igande pale. Rezidenti alilijua hilo, na urefu aliouchagua ulikuwa mzuri. Nalitaja kwa sababu kulikuwa na wajumbe waliozungumza kana kwamba kijana hajui lolote, na picha zinaonyesha vinginevyo.

Nafasi ya tano kwenye orodha

Poti ilipangwa ya tano, baada ya tezi la shingo, ngiri mbili na uvimbe wa titi. Zamu yake ilipofika ilikuwa saa nane na nusu mchana. Mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji ilikuwa imechukuliwa na idara ya mifupa, ambako majeruhi wawili wa bodaboda walikuwa wakisubiri tangu usiku. Mashine ya ultrasaundi yenye kichwa kidogo kinachofaa mishipa ilikuwa wodi ya wagonjwa mahututi. Daktari bingwa msimamizi alikuwa ameitwa chumba cha pili kwenye dharura ya utumbo ulioziba. Kwa maelezo ya wote wawili, alimwambia rezidenti: "Anza, ukikwama niite."

Maneno hayo matatu yana uzito kuliko yanavyosikika. Yanamwachia mwanafunzi kazi ya kutambua kwamba amekwama, wakati hiyo ndiyo kazi ambayo mwanafunzi haiwezi bado. Tena yanamtaka amtoe mkubwa wake kwenye tumbo lililo wazi kwa ajili ya jambo ambalo kila mtu pale huliita dogo, na sisi tuliolelewa katika hospitali hizi tunajua jinsi mdogo anavyojipima mara tatu kabla ya kumtuma muuguzi akamwite Dokta. Rezidenti alipoulizwa kwa nini hakuita, alijibu kwa adabu: "Sikujiona nimekwama, Profesa. Nilijiona nakaribia."

Alichokuwa akikikaribia ni vena iliyo chini ya mtulinga, akiitafuta kwa kufuata alama za mwili peke yake, kama ilivyofanywa tangu Aubaniac alipoieleza njia hiyo mwaka 1952. Mchomo wa kwanza, nje kidogo ya katikati ya mtulinga, haukutoa damu. Wa pili haukutoa. Kwa mchomo wa tatu alisogea kama sentimita mbili kuelekea mfupa wa kidari, na damu nyeusi ikarudi kwenye bomba la sindano. Waya mwongozo ulipita bila tatizo, kikabaki kitanuzi, kifaa kinachopanua njia ya katheta. Kisha, kwenye ripoti ya upasuaji, kuna sentensi ambayo aliiandika mwenyewe kwa uaminifu na ambayo hakuna aliyeisoma mpaka miezi ilipopita: "Kitanuzi kilipita kwa ugumu kidogo."

Mtulinga na ubavu wa kwanza hukutana karibu na kidari kwa pembe nyembamba, na nafasi iliyobaki hujazwa na kano ngumu pamoja na msuli mdogo wa chini ya mtulinga. Sindano inayoingia mbali na kidari huipata vena kabla haijafika kwenye pembe hiyo, hivyo katheta hupita pale ikiwa ndani ya vena, na vena yenye damu huikinga isibanwe. Sindano inayoingia karibu na kidari hupenya kwanza kano na msuli, na katheta hubaki nje ya vena katika mahali pabaya kuliko pote, ikibanwa kati ya mifupa miwili kila bega linaposogea. Kitanuzi kupita kwa ugumu ndiyo dalili ya kwanza kwamba njia ni ile. Dalili hiyo haionekani kwa macho. Huhisiwa na mkono ulioshika kitanuzi, na mkono huo ukiwa haujawahi kuhisi ulaini wa njia nzuri mara nyingi vya kutosha, hauna cha kulinganisha.

Jambo la idadi ya michomo halihitaji kubishaniwa tena. Utafiti wa Houston uliochapishwa mwaka 1994, uliohusisha wagonjwa 821 waliowekewa katheta kupitia vena ya chini ya mtulinga, ulionyesha kwamba kushindwa kuipata vena ndiko kunakotabiri madhara kuliko jambo lingine lolote. Mapitio ya McGee na Gould ya mwaka 2003 yalieleza kwamba madhara ya kiufundi baada ya michomo mitatu au zaidi ni mara sita ya yale ya mchomo mmoja. Kwa maneno mengine, saa ya kuita ilikuwa imefika kabla ya mchomo wa tatu, bila kujali kama anayechoma anajiona amekwama au anakaribia.

Msimamizi alifika wakati poti imeshashonewa mahali pake. Alivuta damu, ikaja vizuri. Alisukuma maji ya chumvi, yakaenda. Akasema, "Sawa, funga." Sasa tazama mkono wa mgonjwa ulikuwa wapi: ulikuwa umenyooshwa pembeni juu ya ubao, kwa sababu drip ilikuwa kwenye mkono huo huo wa kushoto. Mkono ukinyooshwa hivyo, pembe kati ya mtulinga na ubavu hufunguka. Msimamizi aliijaribu katheta katika hali ambayo isingeweza kumwonyesha kasoro yake.

Picha iliyojibu swali moja

Jioni ile mgonjwa alipigwa eksirei ya kifua wodini, akiwa amelala. Daktari wa mafunzo kwa vitendo aliitazama na kuandika kwenye jalada: "Hakuna hewa nje ya pafu. Poti inaweza kutumika." Alikuwa ameulizwa swali moja na alilijibu sawasawa. Hofu ya pafu kutobolewa imekaa vichwani mwetu kiasi kwamba picha ya baada ya poti imegeuka kuwa picha ya kutafuta hewa peke yake, ilhali katheta inapaswa kufuatwa kwa jicho kutoka kwenye kijisanduku hadi ncha yake, sentimita kwa sentimita.

Nilipoikuza picha ile kwenye skrini, kivuli cha katheta kilikuwa kimepinda na kupungua unene pale kinapopita chini ya mtulinga. Nakiri kwamba ukishajua unachokitafuta ni rahisi kukiona, na sitamlaumu kijana wa mwaka wa kwanza kazini kwa kutokiona. Dalili hiyo ilielezwa na Aitken na Minton mwaka 1984, na baadaye Hinke na wenzake wakaipanga kwa madaraja: sifuri ni katheta iliyopita bila kupinda, la kwanza ni iliyopinda bila kupungua upana, la pili ni iliyobanwa hadi tundu lake kusinyaa, la tatu ni iliyokatika. Ya daraja la kwanza hufuatiliwa kwa picha za mara kwa mara. Ya daraja la pili huondolewa. Picha inayofaa kwa kazi hii hupigwa mgonjwa akiwa amesimama na mikono imeteremka ubavuni, kwa sababu kulala na kunyanyua mikono huweza kuficha mbano. Ya mama huyu ilikuwa daraja la pili hata akiwa amelala.

Kubanwa kwa namna hii si jambo la kila siku. Ripoti nyingi hulikadiria kuwa asilimia moja hivi au pungufu ya katheta za muda mrefu zinazopitishwa chini ya mtulinga. Uchache huo ndio unaolifanya lipite bila kuonwa.

Kwenye kiti cha tibakemikali

Sehemu inayonisumbua zaidi katika jalada hili haina mpasuaji hata mmoja. Mzunguko wa kwanza ulipita vizuri. Kwenye mzunguko wa pili muuguzi alidunga sindano ya Huber, akavuta, damu haikuja. Akasukuma maji ya chumvi, yakapita kwa uzito. Akamwambia mgonjwa anyanyue mkono, na damu ikaja. Aliandika kwenye daftari la mgonjwa: "Damu inarudi akinyanyua mkono." Mzunguko wa tatu, muuguzi mwingine, maneno yale yale. Wa nne, vilevile. Kufikia hapo mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha: "Sista, usihangaike, hiki kinataka nininginize mkono juu kwanza."

Sentensi ile ya muuguzi ndiyo utambuzi wenyewe. Poti nyingi zinazokataa kutoa damu huwa zimevikwa ala ya fibrini, yaani utando wa protini ya kugandisha damu, kwenye ncha, na ala hiyo haijali sana mkono uko wapi: maji yanakwenda, damu hairudi, ukiwa umelala au umeketi. Damu inayokuja mkono ukinyanyuliwa na kukatika mkono ukiteremshwa inakuelekeza moja kwa moja kwenye mtulinga na ubavu. Lakini hakuna aliyewahi kuwaambia wauguzi wa kitengo kile kwamba tofauti hiyo ina maana, na daktari aliyekuwa akiidhinisha dawa alisoma majibu ya damu bila kusoma ukurasa wa poti. Walichokipata ni mbinu iliyofanya kazi, na mbinu inayofanya kazi haimpi mtu sababu ya kuuliza.

Katika miezi hiyo mama aliendelea na shughuli zake kadiri nguvu zilivyomruhusu. Alikuwa akiteremsha masufuria jikoni, akibeba ndoo, akisimama kwenye daladala kutoka kivukoni huku ameshika bomba la juu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia alikwisha kuambiwa autunze. Kila tendo la namna hiyo liliibana na kuiachia katheta mahali pale pale, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Hakuna aliyemkataza, na hata angekatazwa nisingetegemea katazo hilo limwokoe mtu ambaye watoto wake wanakula kutokana na jiko lake.

Kwenye mzunguko wa pili wa paklitakseli, damu haikurudi kabisa, mkono juu wala chini. Muuguzi aliposukuma mililita chache za maji ya chumvi mgonjwa alijivuta: "Sista, kinachoma hapa juu." Chini ya mtulinga kulikuwa na uvimbe laini uliokua kila bomba liliposukumwa. Dawa ilikuwa imeshachanganywa na imeshatundikwa. Daktari wa zamu, aliyekuwa na wagonjwa wengine zaidi ya ishirini wakingoja, alipendekeza ajaribu kwa bomba dogo na nguvu zaidi. Ushauri huo ni hatari: kadiri bomba lilivyo dogo ndivyo shinikizo linalozalishwa na kidole gumba linavyokuwa kubwa, na ndiyo maana poti husukumwa kwa bomba lisilopungua mililita 10. Muuguzi alikataa kwa heshima na kwa uthabiti. "Dokta, samahani, sifungulii dawa mpaka apigwe picha." Kisa hiki kimebaki kuwa cha katheta iliyokatika, kisigeuke cha kifua kilichoungua, kwa sababu yake.

Picha ilionyesha kisiki cha katheta kikiwa kimeunganika na poti, nafasi tupu baada ya mtulinga, na sehemu iliyobaki ikiwa imelala kwenye tawi la kushoto la ateri ya mapafu. Mgonjwa alikumbuka kwamba moyo ulimwenda mbio kwa siku mbili wiki iliyotangulia, akadhani ni uchovu wa dawa. Kipande kilitolewa siku iliyofuata kwa kitanzi kilichopitishwa kwenye vena ya paja hadi moyoni na kuendelea, bila kufungua kifua. Jiji hili lina bahati katika jambo hilo: tangu tiba za moyo kwa njia ya katheta zianze kufanyika hapa, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikiwa Upanga, yapo matatizo mengi ambayo zamani yangemsubirisha mgonjwa rufaa ya India na sasa humalizwa jijini.

Alichouliza mgonjwa

Msimamizi mwenyewe alikwenda wodini, akavuta kiti, akamweleza mama na mdogo wake wa kiume kilichotokea na kumwomba radhi. Mdogo mtu alikuwa na hasira na alikuwa na haki nayo. Mama aliuliza mambo mawili. La kwanza: "Dokta, kwani hicho kipande kingetembea mpaka wapi?" Akajibiwa ukweli, kwamba kingeweza kukaa pale pale, kugandisha damu, au kuusumbua moyo. La pili lilikuwa gumu zaidi: "Na yule kijana aliyeniwekea, kumbe alikuwa anajifunza kwangu?"

Fomu aliyoitia saini ilisema upasuaji utafanywa na "timu". Ni kweli, lakini ukweli huo umekatwa katikati. Nimewaona wagonjwa wengi wa hapa wakielezwa wazi kwamba mwenye kisu ni Dokta fulani anayesomea ubingwa na kwamba bingwa fulani atasimama naye tangu mwanzo hadi mwisho, na wanaokataa ni wachache mno. Wanachokikataa ni kuja kujua baadaye. Mama huyu alilisema kwa njia yake: "Mngeniambia tu. Ningemwambia aniangalizie vizuri."

Je, rezidenti wazuiwe?

Kulikuwa na pendekezo kwamba poti ziwekwe na mabingwa pekee. Nililipinga na bado nalipinga. Ripoti nyingi kutoka hospitali za kufundishia za nchi nyingine zinaonyesha kwamba poti zinazowekwa na wanafunzi walio chini ya usimamizi wa kweli hazina madhara zaidi ya zile za mabingwa; zinachukua muda mrefu zaidi, basi. Ni kweli pia kwamba uzoefu una thamani yake: utafiti wa Sznajder na wenzake wa mwaka 1986 ulikuta kwamba madaktari waliokwisha kuweka katheta 50 au zaidi walikuwa na nusu ya madhara ya wale waliokuwa hawajafika hapo. Ila hizo 50 lazima mtu azipate mahali fulani. Rezidenti wa leo ndiye atakayekuwa bingwa pekee wa poti Mbeya au Mtwara kesho, na tukimnyima meza hapa, ambako kuna mkubwa wa kumwita, atajifunza kule ambako hayupo.

Tatizo liko kwenye kitabu cha kumbukumbu za upasuaji. Cha kijana huyu kilionyesha poti saba kabla ya hii, zote zikiwa na alama ya kusimamiwa. Tulipouliza moja moja, katika nne kati ya hizo msimamizi alikuwa ama chumba cha jirani ama alifika kufunga. Safu ile ile ya kitabu inapokea aliyevaa glavu na aliyekuwa akinywa chai ofisini, na anayeisoma mwisho wa mwaka hawezi kuwatofautisha.

Kuhusu njia ya kuingilia, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Vena ya shingo kwa kuongozwa na ultrasaundi ndiyo ingekuwa chaguo la kwanza. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, ilipendekeza ultrasaundi kwa vena hiyo tangu mwaka 2002, na katheta ya shingoni haipiti kabisa kwenye pembe ile ya mtulinga na ubavu. Mashine isipokuwepo, chaguo la pili liwe kuifunua vena ya sefaliki kwa kisu, kwenye mfereji ulio kati ya msuli wa bega na wa kifua. Njia hiyo haihitaji mashine ili kuipata vena, haigusi pafu, na inafundishika kwa macho kwa kuwa mwalimu na mwanafunzi wanaiona vena ile ile kwa wakati mmoja. Mara nyingine vena huwa nyembamba mno ikabidi uhame, hilo linakubalika. Wazee wetu waliijua vizuri, lakini vifungashio vya poti vilipoanza kuja na sindano na waya ndani yake, mkono wa kufunua vena ukaanza kusahaulika, na rezidenti huyu alikuwa hajawahi kuiona ikifanywa. Kutafuta vena ya chini ya mtulinga kwa kukisia, bila ultrasaundi na bila mkubwa mezani, isiwe kazi ya mwanafunzi kwa poti ambayo si ya dharura.

Tena poti si ya dharura. Kuahirisha hadi kesho ni uamuzi wa kitabibu kama ulivyo mwingine, ingawa mwenye kuulipia ni mgonjwa aliyefunga tangu usiku na aliyevuka na pantoni alfajiri. Orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, iliyotolewa mwaka 2008 na yenye vipengele 19, ilisomwa siku ile na kutiwa alama zote. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara hapa kwetu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nguvu yake iko katika kumfanya mtu aseme kwa sauti kinachomtia wasiwasi kabla ya kisu. Kama kuna aliyesema kwa sauti kwamba hakuna ultrasaundi, hakuna eksirei na bingwa yuko chumba cha pili, sikuona alama yake kwenye karatasi.

Kilichobadilika, na kilichobaki kubishaniwa

Idara imekubaliana kwamba baada ya mchomo wa pili usiotoa damu, anayechoma husimama na msimamizi huja, pasipo mjadala wa nani amekwama. Msimamizi huvaa glavu kuanzia mchomo wa kwanza hadi kitanuzi kitoke, kwa kuwa hapo ndipo hatari yote ilipo. Kushona kijisanduku anaweza kumwachia mwanafunzi na kuondoka. Poti hujaribiwa kwa kuvuta damu mkono ukiwa ubavuni, na picha hupigwa mgonjwa akiwa amesimama na mikono imeteremka. Wauguzi wa tibakemikali wamepewa mamlaka ya kusimamisha dawa na kuagiza picha pindi damu inapokuja kwa kunyanyua mkono, na muuguzi aliyekataa bomba dogo ndiye aliyewaendeshea wenzake mafunzo hayo.

Mama aliwekewa poti nyingine kupitia vena ya shingo upande wa kushoto, kwa ultrasaundi, na rezidenti yule yule, bingwa akiwa amesimama upande wa pili wa meza. Yeye mwenyewe alikubali baada ya kuelezwa nani atafanya nini. Damu ilipatikana kwa mchomo wa kwanza, mizunguko ya paklitakseli iliyobaki ikamalizika, na alifanyiwa upasuaji wa titi kama ilivyopangwa.

Kipengele kimoja bado hakijapata mwafaka. Nilipendekeza poti isidungwe kwa mara ya kwanza mpaka bingwa awe ametia saini kwamba ameifuata katheta yote kwenye picha. Wenzetu wa tibakemikali wanasema poti nyingi huwekwa Alhamisi na Ijumaa kwa wagonjwa wa Jumatatu, bingwa haonekani mwishoni mwa juma, na saini hiyo itawarudisha nyumbani watu waliotoka mbali. Upande wa upasuaji umependekeza picha itumwe kwenye simu ya bingwa. Upande wa kumbukumbu za wagonjwa umekataa kwa sababu ya faragha. Suala hilo limerudishwa kwenye ajenda ya mwezi ujao.